Baba yuko wodini siku ya 9 na korona, mliopona au mliouguza naombeni mnieleze huwa inakwendaje

Binti Sahare

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Niko hapa Tanga mjini, naandika saa nane usiku maana usingizi umenikimbia toka baba alazwe, naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama nimeandika hovyo.

Baba yangu ana miaka 63, ni fundi baiskeli Ngamiani, na watu wa Tanga mnajua baiskeli kwetu ni kitu gani, yeye mwenyewe kila siku anaendesha kutoka Sahare mpaka kijiweni kwake na jioni anarudi nayo. Ana sukari kama miaka 8 sasa, anatumia vidonge, presha hana. Ilianza kichwa, mwili kuuma, homa ya jioni, tukasema malaria, tukampima malaria hana. Siku ya tatu akaniita uani akaniambia mwanangu hebu nusa hii solusheni, imeharibika? Nikanusa, ile ya kuzibia pancha, ilikuwa kali kama kawaida mpaka macho yakatoka machozi, yeye kaibandika puani kabisa hasikii kitu. Hapo ndo moyo ukaniruka ila sikusema.

Ikafuata kikohozi kikavu, chakula hataki, analala tu. Siku ya 7 asubuhi nimemkuta amekaa kitandani ameshika magoti anapumua harakaharaka kama mtu aliyetoka kukimbia, namuuliza baba unabanwa kifua? Anasema sibanwi, niko sawa, niletee chai. Na anaongea vizuri tu, ila midomo imebadilika rangi. Tukachukua bajaji. Kufika hospitali wakambana kidoleni kale kakifaa ka kupima hewa kwenye damu kakasoma 78, yule nesi alivyoiona ile namba hakusema neno, aliondoka mbio.

Leo ni siku ya 9 wodini, yaani siku ya 16 toka aanze kuumwa. Mwanzo alikuwa na ile barakoa ya oksijeni yenye mfuko, jana wamemtoa wamemuwekea vimirija vya puani. Je hapo anapona au ni mitungi imepungua? Naogopa hata kuuliza. Halafu sukari yake nyumbani ilikuwa inacheza kwenye 9, 10, huko imefika 22, wanamchoma insulini ambayo hajawahi kuchomwa maisha yake, sasa sukari imetoka wapi na mtu mwenyewe anakula uji vijiko vitano? Na lililonivunja kabisa ni la juzi, nimeruhusiwa kuingia kumlisha, nimevalishwa gauni na barakoa mbili, akaniita kwa jina la marehemu shangazi, akaniambia funga mlango wa nyuma mvua inaingia. Hakuna mvua. Hakuna mlango.

Kaka yangu mkubwa anasema oksijeni ndo inamlevya, tumtoe tumrudishe nyumbani tumpige nyungu, tumfukize mvuke wa majani, anasema hajawahi kuona mtu aliyewekewa mtungi akatoka. Mie nimekaa katikati. Mliopita huku, ilichukua muda gani? Ataendesha tena baiskeli?

---

Dereva wa Muheza

Pole sana binti yangu. Mie ni mmoja wa hao waliowekewa mtungi, na leo asubuhi nimekula boflo mbili kwa chai ya tangawizi, kwa hiyo kwanza kabisa kamwambie kaka yako sasa ameshamuona mmoja.

Mie nililazwa mwezi wa pili mwaka huu wa 2021, wakati ule tulikuwa tunasema changamoto ya upumuaji, jina lenyewe la ugonjwa watu wanalitaja kwa kunong'ona. Nina miaka 55. Nimekaa wodini siku 19, siku 13 katika hizo nipo kwenye oksijeni. Pale kwenye mtungi kuna kichupa cha maji, hewa inapitia humo inatoa mapovu, bwu bwu bwu usiku kucha, ile sauti ndo ilikuwa inanibembeleza, nikiisikia najua nipo. Usiku mmoja kichupa cha jirani yangu kikanyamaza. Nikajua mtungi wake umeisha, nikataka kuita na sauti sina, nikachukua kijiko nikagonga chuma cha kitanda mpaka nesi akaja mbio akabadilisha. Yule bwana ni mtu wa Pangani, yupo mzima, mpaka leo tunapigiana simu kila Ijumaa. Kwa hiyo mtungi ukiisha ndo hatari, sio mtungi ukiwepo.

Kingine walichonifanyia ni kunilaza kifudifudi. Nilikuwa nasoma 86, wakanigeuza tumbo chini na mto kifuani, baada ya nusu saa hivi ikapanda 92. Inachosha, shingo inauma, ila usikatae. Kama baba yako ana nguvu ya kujigeuza waulize manesi kama anaruhusiwa.

Na hilo la kuitwa jina la shangazi lisikuvunje moyo. Mie nilimuona utingo wangu amesimama dirishani ananiambia twende mzee tumechelewa Segera, nikaanza kujivua mirija nikashuke. Ilikuwa siku kama tatu, ikaisha yenyewe, na kuna mambo ya siku zile siyakumbuki kabisa.

Sasa muda. Nisikudanganye, huu ugonjwa sio ile ya kwetu ya waja leo waondoka leo. Siku ya kwanza nyumbani kutoka kitandani mpaka chooni uani ni hatua kama ishirini, nilipumzika mara mbili, mara ya pili nimekalia ndoo iliyopinduliwa na mke wangu amesimama pembeni anajifanya anaanua nguo. Mwezi mmoja baadae nikaweza kwenda msikitini ila naswali kwenye kiti maana nikisujudu pumzi inakata. Usukani nimeushika tena mwezi wa saba. Mapaja yalikuwa yameisha binti yangu, suruali zote zilikuwa zinashuka.

---

Muuguzi Bagamoyo

Dada Binti Sahare pole, na Mungu amfanyie wepesi mzee. Mimi ni muuguzi, nipo Bagamoyo, nimekaa na wagonjwa hawa toka wimbi la kwanza. Simjui mzee wako na madaktari wake ndo wenye kauli, ila uliyouliza ndo tunayoulizwa kila siku pale mlangoni kwa hiyo nitakujibu.

Kutolewa kwenye barakoa ya mfuko kwenda vimirija ni habari njema. Ile ya mfuko tunaiendesha lita 10 mpaka 15 kwa dakika, vimirija mwisho ni lita 5 hivi. Hatumshushi mtu kwa kuwa mitungi imepungua huku namba yake inaanguka, tunamshusha kwa sababu mapafu yameanza kuchukua hewa yenyewe. Ila usikisie, uliza, wala usiogope. Kila ukienda uliza vitu viwili, yuko lita ngapi na inasoma ngapi. Lita zikipungua na namba ikabaki palepale juu ya 90, mzee anapanda. Namba ikibaki vilevile lakini lita zinaongezwa, hapo bado ana kazi. Watu wengi wanauliza namba tu wanasahau lita, wanaondoka na furaha isiyo yake.

Kuhusu kwamba alisema habanwi wakati yuko 78, hiyo ndo sura ya huu ugonjwa inayotutisha hata sisi. Mtu anaongea, anaomba chai, anajibu salamu, kumbe damu yake haina hewa. Mzima anasoma 95 mpaka 100. Na tarehe mlizopitia ni zilezile, wiki ya kwanza inakuwa kama mafua makali au malaria, halafu kuanzia siku ya 7 mpaka ya 10 hivi, wakati wengine wanapata nafuu, kwa baadhi kinga ya mwili inawaka kupita kiasi na mapafu yanavimba. Mlimuwahisha siku ileile mlipoona, mlifanya vizuri.

Sukari: karibu hakika anachomwa au anapewa deksamethasoni, wengi mnaita deksa, dawa ya kutuliza hiyo kinga iliyowaka. Inapandisha sukari, hiyo inajulikana, na maambukizi yenyewe nayo yanapandisha hata kama mtu hali kitu. Ndo maana insulini. Kwa wengi ikishaachwa deksa sukari inarudi chini taratibu, na kozi yake kawaida ni siku 10 au mpaka atoke, kwa hiyo insulini sio lazima iwe ya maisha, ila akitoka apimwe karibu karibu, msirudi tu kwenye vidonge vya zamani kwa kukisia. Na msiombe aachishwe kwa ajili ya sukari. Mwaka jana mwezi wa 6 Waingereza wa Oxford walitoa matokeo ya utafiti wao mkubwa, kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia deksa ilipunguza vifo kwa theluthi moja, kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu kwa moja ya tano. Kwa ambaye hahitaji oksijeni haikumsaidia. Nasisitiza hapo kwa sababu naona watu wanainunua dukani wanameza siku ya pili ya homa, na ana sukari, halafu analetwa kwetu amezimia.

Kama anachomwa sindano ya tumboni kila siku pia msishangae, ni ya kuzuia damu isigande, korona inagandisha damu kwenye mapafu na miguuni.

Kuweweseka: wazee wakiumwa sana hutokea. Oksijeni imeshuka, homa, sukari imeruka, yupo mahali asipopajua, halali, na kila anayemsogelea amefunika uso. Hata ningekuwa mimi ningechanganyikiwa. Sio oksijeni inamlevya, upungufu wake ndo unalevya. Waambie manesi wajue. Na wewe ukiingia jitaje jina, mwambie leo siku gani na yuko wapi, usibishane naye kuhusu mvua, mwambie nimeshafunga. Kama anavaa miwani mpelekee, akiona vizuri anatulia.

Kumtoa sasa hivi, hapana dada. Huyo ni mtu aliyesoma 78 bila hewa.

---

Kijana wa Handeni

Poleni. Mimi sitaki kubishana na wataalamu ila msidharau nyungu, kwetu tuliugua nyumba nzima watu saba mwezi wa saba, tukajifukiza asubuhi na jioni na wote tupo wazima, hakuna aliyekanyaga hospitali. Kaka wa huyu dada hasemi kwa ubaya, anasema alichokiona. Naomba mumheshimu na yeye, anampenda baba yake.

---

Mama Twaha

Kijana wa Handeni, sikubezi hata kidogo na nafurahi mlipona. Nakuomba unisikilize na mie.

Mama yangu alikuwa na miaka 68. Tulimfukiza siku 9. Nilikuwa nachuma mwenyewe, mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, malimau naagiza Lushoto. Anatoka ndani ya blanketi amelowa jasho chapachapa, anasema leo najisikia mwepesi, na sisi tunafurahi, tunasema umeona inatoka. Kila siku mwepesi. Siku ya 10 akashindwa kumaliza neno. Kituo cha kwanza tulichompeleka hakikuwa na mtungi, tukazunguka naye ndani ya gari kwa saa nzima na zaidi, tulipopata pa kumlaza alisoma 54. Alikaa usiku mmoja na mchana wake.

Mie sijasema nyungu ndo ilimuua. Nasema ile nafuu ya nyungu ndo ilituficha. Wengi wanaougua korona wanapona nyumbani, ukijifukiza utapona, ukinywa maji tu utapona, na ndo maana kila mtu ana ushahidi wa dawa yake. Nyinyi saba mlikuwa katika wale wengi, alhamdulillah. Mama yangu alikuwa katika wale wachache na hakuna aliyekuwa na kile kidude cha kidoleni cha kutuonyesha. Sasa hivi ninacho. Nimekinunua baada ya arobaini ya mama, kinazunguka mtaa mzima, mtoto wa jirani akija kuazima namwambia chukua lakini waambie ikisoma chini ya 94 wasingoje kesho.

Binti Sahare, muache baba yako pale alipo. Na huyo kaka yako usimgombeze, mpe simu asome hapa.

---

Muuguzi Bagamoyo

Mama Twaha pole sana, sina la kuongeza isipokuwa moja kwa kijana wangu wa Handeni. Mvuke unafungua pua na mtu anaona ahueni, hilo halina ubishi. Haushuki mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vilivyojaa majimaji, na mzee anayetetemeka kuwekwa na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi ni ajali, nimeshafunga bandeji mapaja ya watu walioungua hivyo.

---

Mwanafunzi wa Tiba

Dada, nasoma udaktari, nyumbani kwetu ni Usagara hapohapo Tanga. Uliuliza huwa inakwendaje, naomba nikupe na picha ya watu wengi maana sisi tunahadithia mmojammoja.

Uingereza mwaka jana waliwafuatilia wagonjwa 20,133 waliolazwa. Homa walikuwa nayo 72 kwa kila 100, kukosa pumzi 71, kikohozi 69, kwa hiyo ndo hizohizo za mzee. Umri wa katikati wa wale wagonjwa ulikuwa miaka 73, wakubwa kuliko baba yako, na mpaka wanaandika ile ripoti 26 kwa 100 walikuwa wamefariki, 41 wameshatoka, waliobaki bado wapo wodini. Huku Afrika kuna utafiti umetoka mwezi wa tano, hospitali 64 katika nchi 10, Tanzania haimo, Kenya na Msumbiji zimo, wao waliangalia wale mahututi tu, watu 3,077. Karibu nusu, 48 kwa 100, walifariki ndani ya siku 30, na waandishi wenyewe wanasema uhaba wa vifaa na wahudumu wa ICU, wodi ya mahututi, unachangia. Wenye sukari walikuwa na hatari zaidi. Nakwambia hivi sio kukutisha, nataka kaka yako aone tofauti, baba yenu hajafika kwenye kundi hilo la pili, yupo wodi ya kawaida na lita zinashuka, na siku ya 16 ameshavuka zile siku ambazo wengi ndo huwa wanaporomoka. Ndo nakubaliana na muuguzi kwamba kumng'oa sasa hivi ni kumrudisha kule alikotoka.

Kuhusu baada ya kutoka, China kule Wuhan waliwaita tena waliolazwa, watu 1,733, miezi sita toka waanze kuumwa. 63 kwa 100 bado walikuwa na uchovu au misuli dhaifu, 26 usingizi unasumbua, 23 wasiwasi au huzuni, 22 nywele zinadondoka. Nywele naitaja kwa sababu dada zetu wakiona zinatoka kwenye kitana wanadhani wamepata ugonjwa mwingine. Mwezi uliopita wametoa ya mwaka mzima, waliokuwa bado na dalili angalau moja wamebaki 49 kwa 100, na waliokuwa wanafanya kazi kabla ya kuugua, 88 kwa 100 walikuwa wamerudi kwenye kazi zao zilezile. Ukiniuliza baiskeli, mimi naishika hiyo 88. Lakini mwaka, sio wiki. Wenye kuumwa sana huwa wanahitaji wiki tatu mpaka sita kupata nafuu ya kueleweka na wengine ndo kama Mzee Dereva, miezi mitano.

Na mfundisheni kupumua. Avute kwa pua taratibu, atoe kwa mdomo ameubana midomo kama anapuliza chai ya moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi ikimkata akae ainame mbele, viwiko juu ya magoti. Ile unayosema ulimkuta ameshika magoti asubuhi ile, mwili wake ulikuwa unajua wenyewe.

---

Binti Sahare

Nimelia nikanyamaza nikalia tena. Ahsanteni nyote, sijui nitawalipa nini.

Nimemsomea kaka uzi wote jikoni, yeye anakuna nazi. Kwa Dereva alitabasamu pale kwenye ndoo. Kwa Mama Twaha aliacha kukuna, akakaa, mbuzi ya nazi ipo chini yake na kifuu mkononi, hajasema kitu. Mama Twaha pole dada yangu, alichoniuliza baadae ni hicho kidude kinauzwa wapi.

Leo nimepeleka miwani. Na nimeuliza, nimejikaza nikauliza, lita ngapi na inasoma ngapi. Dokta akaniangalia kidogo akasema lita 2, inasoma 94, sukari 13. Juzi ilikuwa lita 4. Baba amenijua jina. Ameniuliza nani anafungua kijiwe, nikamwambia kaka, akasema yule hajui kunyoosha ringi ataharibu za watu.

Mnisaidie na hili, dokta anasema mambo yakienda hivi wiki hii anaweza kutoka. Nyumbani tupo watu tisa na mtoto wa miezi minne. Hatatuambukiza? Mbona nasikia wanatoka hata bila kupimwa tena?

---

Muuguzi Bagamoyo

Hongera dada, lita 2 na 94 ni mwendo mzuri mno!

Kuambukiza: utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huu wa 2021 ni siku 10 toka dalili zianze na juu yake siku 3 bila homa wala dalili za kifua. Kwa walioumwa sana tunaongeza tahadhari, kirusi kinaweza kuendelea mpaka kama siku 20. Mzee mpaka atoke atakuwa amezivuka. Kutopimwa tena sio uzembe, kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha kipo kwa wiki kadhaa kwa sababu kinaokota mabaki yaliyokufa, watu wakaona positivu wakamtenga mzee wa watu chumba cha nje. Msimtenge. Fungueni madirisha, hapo Sahare upepo wa bahari mnao wa bure.

Mkimleta mumuangalie miguu, akivimba mmoja na kuuma, au kifua kikachoma ghafla, rudini haraka, ni ile damu kuganda. Na nyie wengine wa miaka 18 kwenda juu nendeni mkachanje, Rais Samia alizindua tarehe 28 Julai mwaka huu wa 2021, hii ya Johnson iliyopo sasa ni sindano moja tu mmemaliza. Baba naye atachanjwa, waulizeni siku ya kliniki lini inafaa kwake, kuugua hakumzuii.

---

Mwanafunzi wa Tiba

Harufu nayo inafundishwa. Wanashauri mtu anuse vitu vinne vyenye harufu kali kila siku asubuhi na jioni, kila kimoja sekunde kama 20, kwa miezi, karafuu, limau, mkaratusi na waridi. Vitatu mnavyo jikoni na uani. Solusheni muiache, ile ni kemikali.

---

Binti Sahare

Salamu zenu. Baba ametoka jana, siku ya 15 toka alazwe. Nimechelewa kuandika kwa sababu nyumba imejaa watu tunawapokelea nje barazani.

Amekonda jamani. Saa ya mkononi inazunguka mpaka kwenye kiwiko. Kutoka kwenye bajaji mpaka ndani amesimama mara tatu, anapuliza chai kama alivyosema mwanafunzi, kaka amemshika kiuno, na kaka ndo alikuwa anahesabu, vuta baba, toa baba. Insulini ametoka nayo, kliniki tunarudi wiki ijayo, asubuhi ya leo 11. Kidude cha kidoleni tumenunua, amesoma 95 akiwa amekaa, akitembea inashuka 91 halafu inapanda, nimeandika zote kwenye daftari la shule la mdogo wangu nikampelekee dokta. Usiku anaamka anaamka, anasema anasikia yale mapovu ya kichupa. Dereva wa Muheza, amesema anaomba namba yako, nimekutumia ya kwetu pembeni.

Jioni nimemuwekea karafuu nne kwenye kisahani. Akanusa, akafumba macho, muda mrefu mpaka nikaogopa. Nikamuuliza baba vipi? Akasema kwa mbali sana, kama jirani wa nyumba ya tatu anapika pilau.

Kesho anataka kuzunguka uani mara mbili. Nimeweka kiti kimoja chini ya mwembe na kingine karibu na bomba.